Mnyororo wa Baiskeli ya Umeme: Kuupima, Kuutunza na Kuubadilisha kwa Wakati

Baiskeli ni mtumishi wa siku nyingi wa vyama vya ushirika vijijini. Madebe ya maziwa, mifuko ya mbegu, barua za katibu na daftari za mapokezi vimebebwa juu ya karia yake kwa miaka mingi, na mafundi wa vijijini huifungua na kuifunga baiskeli ya Phoenix, Raleigh au Hero bila kutazama kitabu. Katika miaka ya karibuni baiskeli za umeme nazo zimeanza kuonekana, na vipo vyama vilivyokwisha kuzinunua au vinavyofikiria kuzinunua kwa ajili ya kuchukua maziwa, mboga na pembejeo. Wakati wa kununua, mazungumzo karibu yote huwa juu ya betri: itadumu muda gani, itachajiwa wapi, na ikifa itagharimu kiasi gani. Mnyororo hautajwi. Huonekana kuwa kitu cha zamani kinachojulikana na kila mtu.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Na ichukuliwe mfano wa chama cha wafugaji chenye baiskeli nne za umeme. Alfajiri moja mchukuzi anapanda mlima akiwa na lita 40 za maziwa ya wanachama. Mnyororo unaruka meno mara mbili, kisha unakatika. Maziwa mabichi yasiyopoozwa hayavumilii saa nyingi za joto, na yanapofika kituoni yanapimwa na kukataliwa. Wanachama wanane wanakosa malipo ya siku ile. Katika kikao cha bodi, wajumbe wengine wanasema mchukuzi akatwe posho kwa kuwa ameharibu mali ya chama. Mchukuzi anasema mnyororo ulikuwa mbovu tangu zamani. Na katibu hana karatasi yoyote ya kuonyesha mnyororo ule ulifungwa lini, wala kama uliwahi kupimwa. Ugomvi wa namna hii hauamuliwi kwa kelele. Huamuliwa kwa rula ya inchi 12 na daftari, na vyote viwili vyapaswa kuwapo kabla ya siku ya ajali.

MNYORORO ULIVYOUNDWA

Mnyororo wa rola unaotumika leo katika baiskeli, pikipiki na mashine nyingi za viwandani ulibuniwa na Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi zake Manchester, Uingereza, na ambaye alipata hataza yake mwaka 1880. Miaka mitano baadaye, yaani 1885, John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya Rover, ambayo mnyororo wake ulizungusha gurudumu la nyuma kama ilivyo katika baiskeli za leo. Tangu wakati huo umbo la mnyororo halikubadilika sana.

Mnyororo una sehemu chache. Ziko bamba za nje na bamba za ndani zinazopishana. Ziko pini zinazoziunganisha. Na juu ya kila pini kuna rola ndogo inayokaa kati ya meno ya gurudumu. Kati ya pini na rola kuna bushi, ambayo katika minyororo myembamba imefinyangwa katika bamba la ndani lenyewe. Nafasi ya kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata huitwa pingili, na urefu wake ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kipimo hiki ni kimoja kwa karibu baiskeli zote zinazotengenezwa leo. Kinachotofautiana ni upana: mnyororo wa baiskeli ya gia moja huwa na nafasi ya ndani ya inchi 1/8, na ule wa gia kadhaa huwa na inchi 3/32 au pungufu. Ni kosa kununua mnyororo bila kutaja upana huu dukani.

KWA NINI MNYORORO HUREFUKA

Watu husema kwamba mnyororo mzee umevutika. Maneno hayo yanaeleza dalili tu, hayaelezi sababu. Bamba za chuma hazivutiki kwa kazi ya kawaida. Kinachotokea ni kwamba pini inasuguana na bushi kila pingili inapokunjwa na kunyooshwa, na kidogo kidogo chuma kinalika. Nafasi ndogo hufunguka katika kila kiungo. Nafasi hizo zote zikijumlishwa, mnyororo mzima unakuwa mrefu kuliko ulivyokuwa.

Hesabu inasaidia kuona ukubwa wa kazi hiyo. Mnyororo wenye pingili 112, ukizungushwa na gurudumu la mbele lenye meno 44, hukamilisha mzunguko mmoja kila pedali zinapozunguka mara mbili na nusu hivi. Katika kila mzunguko, kila kiungo hukunjwa na kunyooshwa mara nne: kinapoingia na kinapotoka gurudumu la mbele, na vivyo hivyo nyuma. Mwendeshaji akizungusha pedali mara 60 kwa dakika, kila kiungo kitakunjwa au kunyooshwa zaidi ya mara 5,600 kwa saa moja. Ikiwa kati ya pini na bushi kuna mafuta safi, chuma kinalika polepole sana. Ikiwa kuna vumbi na mchanga, kila mkunjo ni kama kupitisha tupa.

Ndiyo maana uchafu ulio nje ya mnyororo si hatari kama ule uliopenya ndani. Na ndiyo maana mnyororo unaong'aa kwa nje waweza kuwa umekwisha, na mnyororo mweusi waweza kuwa bado mzima. Jicho halitoshi, lazima kupima.

MOTA INAONGEZA NINI

Baiskeli za umeme ziko za aina mbili kubwa, na kila katibu anapaswa kujua chama chake kina aina gani, kwa maana matunzo yake hayalingani.

Aina ya kwanza ina mota ndani ya habu, mara nyingi habu ya gurudumu la nyuma. Mota hiyo huzungusha gurudumu moja kwa moja. Nguvu yake haipiti katika mnyororo hata kidogo. Mnyororo unabeba nguvu ya miguu peke yake. Kwa baiskeli hizi mnyororo huchakaa kama wa baiskeli ya kawaida, na mara nyingine polepole zaidi kwa kuwa miguu imepata msaidizi. Fundi wa baiskeli hizi aweke macho yake zaidi kwenye spoki na nati za ekseli.

Aina ya pili ina mota ya katikati, penye kranki. Hapa nguvu ya mota na nguvu ya miguu hukutana kwenye gurudumu la mbele, na zote mbili hupita katika mnyororo mmoja. Baiskeli hizi hupanda milima vizuri kwa sababu mota nayo inafaidi gia, lakini gharama ya faida hiyo hulipwa na mnyororo.

Hesabu yake ni hii. Mwendeshaji akikanyaga pedali kwa uzito wa kilo 40, na mkono wa kranki una urefu wa sentimita 17, na gurudumu la mbele la meno 44 lina nusu kipenyo cha sentimita 8.9, basi mnyororo unavutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 76 hivi. Mota ya katikati yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 60, kiwango ambacho si kikubwa kwa mota za aina hiyo, inaongeza kilo 69 nyingine juu ya mnyororo ule ule. Jumla ni karibu kilo 145. Pini ni zile zile na bushi ni zile zile, lakini mzigo umekaribia kuwa mara mbili.

Liko jambo lingine la kukumbuka. Mnyororo ukikatika katika baiskeli yenye mota ya habu na mkono wa kuichochea, mwendeshaji aweza kwenda polepole mpaka kituoni kwa nguvu ya betri. Ukikatika katika baiskeli ya mota ya katikati, hakuna tena kinachozungusha gurudumu. Betri iliyojaa haimsaidii kitu, atasukuma.

NAMNA YA KUPIMA

Kupima mnyororo hakuhitaji kifaa cha gharama, ingawa kipimo maalumu kikipatikana ni kizuri. Yatosha kuwa na rula ya chuma yenye inchi 12, au futi ya chuma ya seremala. Mita ya mshonaji isitumike, kwa sababu yenyewe huvutika.

Kwanza, mota izimwe na betri itolewe. Sheria hii inahusu kila kazi ya mnyororo, kwa kuwa mota ikiwaka wakati kidole kiko kwenye meno, kidole kitakatika.

Pili, mnyororo ufutwe kwa kitambaa ili pini zionekane.

Tatu, pedali ikandamizwe kidogo huku breki ya nyuma imeshikwa, ili upande wa juu wa mnyororo ukazike.

Nne, alama ya sifuri ya rula iwekwe katikati ya pini moja, kisha zihesabiwe pingili 24. Katika mnyororo mpya, pini ya mwisho itakaa sawasawa na alama ya inchi 12, yaani milimita 304.8, au tuseme 305 kasoro kidogo.

Tano, isomwe pini ya mwisho imekaa wapi. Mnyororo mwembamba wa baiskeli ya gia nyingi ubadilishwe ukifika milimita 306 na kidogo, ambayo ni nyongeza ya nusu ya moja kwa mia. Mnyororo mpana wa baiskeli ya gia moja waweza kuachwa mpaka milimita 307. Ukifika 308, ambayo ni nyongeza ya moja kwa mia, yamkini meno ya magurudumu nayo yameharibika.

Sita, kipimo kirudiwe mahali pengine pawili pa mnyororo huo huo, kwa sababu mnyororo haulikwi sawasawa kila mahali. Kinachoandikwa ni kipimo kikubwa kuliko vyote.

Mtu asidharau milimita moja na nusu. Nyongeza ya nusu ya moja kwa mia ni milimita 0.06 tu katika kila pingili, unene wa karatasi nyembamba. Lakini katika mnyororo mzima wa pingili 112 inakuwa milimita 7. Mahali pasipo na rula, iko njia ya haraka: mnyororo uvutwe kwa vidole kutoka upande wa mbele kabisa wa gurudumu la mbele. Ukinyanyuka hata zaidi ya nusu ya jino ikaonekana chini yake, mnyororo umechoka, na upelekwe ukapimwe.

MENO YA MAGURUDUMU

Mnyororo mpya hukaa vizuri katika mabonde ya meno, na mzigo hugawanywa juu ya meno mengi. Mnyororo uliorefuka hauwezi kukaa hivyo. Pingili zake ni ndefu kuliko nafasi za meno, kwa hiyo rola hupanda juu ya mgongo wa jino, na mzigo wote huangukia meno machache. Meno hayo hulika upande mmoja mpaka yanachongoka na kulala kama mapezi ya papa.

Magurudumu madogo huumia kwanza. Gurudumu la meno 11 huzunguka mara nyingi zaidi kuliko la meno 22 kwa mnyororo ule ule, kila jino lake hupata zamu mara mbili zaidi, na mnyororo hukunjwa kwa pembe kali zaidi unapolizunguka. Mwendeshaji anayependa gia nzito wakati wote analimaliza gurudumu dogo la friwili au la kaseti mapema.

Hapa ndipo yalipo makosa mawili yanayogharimu fedha nyingi. Kosa la kwanza ni kufunga mnyororo mpya juu ya meno yaliyokwisha. Mnyororo huo utaruka penye mzigo, na fundi atadhani ameuziwa mnyororo mbovu. Kosa la pili ni kufunga magurudumu mapya na kuacha mnyororo mzee. Mnyororo huo utayachonga meno mapya yafanane na urefu wake mwenyewe, na katika muda mfupi vyote viwili vitakuwa vibovu. Mnyororo ukibadilishwa kwa wakati, kwa kawaida seti moja ya magurudumu ya nyuma huhudumia minyororo miwili au mitatu. Ukiachwa mpaka uanze kuruka, chama kitanunua mnyororo, magurudumu ya nyuma, na mara nyingine gurudumu la mbele, vyote kwa siku moja.

Kuruka kwa mnyororo si hasara ya fedha tu. Mwendeshaji aliyesimama juu ya pedali mlimani, akiwa na mzigo nyuma, hupoteza mizani mguu unapozama ghafla. Wengi huanguka kwa namna hiyo, na kifua au goti hupiga usukani.

KUSAFISHA NA KUTIA MAFUTA

Mafuta ya mnyororo kazi yake iko ndani, kati ya pini na bushi. Mafuta yaliyobaki nje hayana kazi isipokuwa kukusanya vumbi. Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni kusafisha, kukausha, kutia kidogo, na kufuta.

Uchafu wa nje ufutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya siku ya kazi. Usafishaji kamili ufanywe mara moja kwa wiki mbili wakati wa kiangazi chenye vumbi, na mara moja kwa wiki wakati wa masika. Mafuta ya taa yapakwe kwa brashi ya meno iliyochakaa, huku mnyororo ukizungushwa kinyumenyume kwa mkono. Petroli isitumike kamwe, kwani mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko na mbali na mahali pa kuchajia betri. Mafuta ya taa yaliyochafuka yaachwe ndani ya kopo lenye kifuniko mpaka tope litulie chini. Yaliyo juu yatumike tena. Yasimwagwe karibu na kisima wala mfereji.

Baada ya kusafisha, mnyororo ufutwe na uachwe ukauke kabisa. Mafuta ya taa yakibaki ndani yatayazimua mafuta mapya, na kazi yote itakuwa bure.

Kisha litiwe tone moja la mafuta juu ya kila rola, upande wa ndani wa mnyororo, yaani ule unaogusa meno. Kranki izungushwe mara 20 ili mafuta yapenye, baiskeli iachwe kwa muda wa robo saa, ndipo sehemu ya nje ifutwe kwa kitambaa mpaka isiache alama nzito mkononi. Mafuta yanayofaa ni yale maalumu ya mnyororo. Yakikosekana, oili mpya ya injini yaweza kutumika kwa kipimo kidogo hicho hicho. Mafuta ya cherehani ni mepesi, hukauka upesi, na atakayeyatumia atalazimika kuyarudia mara kwa mara.

Yako mambo ya kuepukwa. Oili chafu iliyotolewa katika injini ina unga wa chuma na masizi. Kuitia katika mnyororo ni kutia tupa kwa hiari. Mafuta ya kupikia huganda na kuwa kama gundi. Grisi nzito ikipakwa kwa nje hufunga mchanga juu ya mnyororo na haipenyi ndani. Mafuta yasiguse kamwe rimu wala sahani ya breki, kwani breki yenye mafuta haishiki. Na baiskeli ya umeme isioshwe kwa mpira wa maji yenye nguvu kubwa, maana maji hupenya ndani ya mota, viungo vya nyaya na beringi.

KUKAZA NA KUBADILISHA

Katika baiskeli ya gia moja, mnyororo ukishikwa katikati ya upande wa chini upande na kushuka kwa sentimita moja hadi moja na nusu. Ukikazwa zaidi ya hapo unakula beringi, ukilegea unachomoka. Izungushwe kranki na kupimwa mahali kadhaa, kwa sababu gurudumu la meno mara nyingi halikukaa katikati kamili. Katika baiskeli ya gia nyingi, springi ya kibadili gia ndiyo inayokaza, na kazi ya fundi ni kuhakikisha kwamba kapi zake ndogo mbili ni safi na zinazunguka.

Baiskeli yenye mota katika habu ya nyuma inahitaji uangalifu zaidi gurudumu linaposogezwa. Waya wa mota usibanwe wala kupindwa, na vipande vyote vya chuma vinavyoizuia ekseli isizunguke virudishwe mahali pake kabla ya kukaza nati. Ekseli ikizunguka ndani ya fremu, waya utakatika na gurudumu litachomoka.

Mnyororo mpya ulinganishwe na mzee kwa kuhesabu pingili, si kwa kuilaza pamoja na kuangalia ncha, kwa maana mzee umekwisha kurefuka na utadanganya. Kiungo cha kufungulia kiwe cha upana ule ule wa mnyororo. Ikiwa kina kibanio cha springi, ncha yake iliyofunga itazame upande ambao mnyororo unaelekea, na ncha iliyo wazi itazame nyuma. Kibanio kilichowekwa kinyume chaweza kung'olewa na kitu chochote kidogo njiani. Baada ya kufunga, kila kiungo kijaribiwe kwa vidole; kilicho kigumu kiviringishwe taratibu huku na huku mpaka kilegee.

Katika kila mfuko wa mchukuzi kiwemo kiungo kimoja cha akiba, kitoa pini kidogo, na kipande cha kitambaa. Vitu hivyo vitatu havina uzito, navyo humwokoa mtu na madebe yake njiani.

WAJIBU WA MWENDESHAJI

Fundi hawezi kuulinda mnyororo peke yake. Mwendeshaji wa baiskeli yenye mota ya katikati anatakiwa kuyashika mambo manne.

La kwanza, aanze safari kwa gia nyepesi. Anayesimama katika gia nzito na kuondoka humo humo akiwa na mzigo huutwisha mnyororo nguvu zote za mguu na mota kwa wakati mmoja.

La pili, abadilishe gia kabla ya mlima, si katikati yake. Na kila anapobadilisha, alegeze mguu kwa nusu mzunguko, ili mota nayo ipunguze kuvuta, ndipo mnyororo uhame kutoka jino hadi jino bila kishindo. Sauti ya mgongano wakati wa kubadilisha gia ni sauti ya fedha ya chama ikipotea.

La tatu, mlimani apunguze gia badala ya kuongeza kiwango cha msaada wa mota. Mota inayozunguka upesi kwa gia nyepesi hufanya kazi vizuri zaidi na haili betri ovyo.

La nne, atumie zaidi gia za katikati, ambamo mnyororo unakwenda ukiwa umenyooka. Katika gia za pembeni kabisa mnyororo hukaa mshazari na ubavu wa bamba zake hukwaruza meno.

DAFTARI LA BAISKELI

Baiskeli inayokwenda kilomita 30 kwa siku, siku sita kwa wiki, humaliza kilomita 180 kwa wiki na karibu 9,000 kwa wiki 50 za kazi. Hakuna mtu awezaye kusema kwa hakika mnyororo utadumu kilomita ngapi, kwa sababu vumbi, milima, mzigo na aina ya mota haviko sawa kila mahali. Chama chenyewe ndicho kinachoweza kujua, kwa kuandika.

Kila baiskeli ipewe namba, na namba hiyo iwe na ukurasa wake. Katika ukurasa huo ziandikwe safu sita: tarehe, kilomita zilizosomwa, kipimo cha mnyororo kwa milimita, kazi iliyofanywa, bei ya vifaa, na sahihi ya aliyepima pamoja na ya mchukuzi. Kipimo kichukuliwe kila baada ya wiki mbili, siku moja iliyopangwa, baada ya mapokezi. Kazi hiyo kwa baiskeli nne haizidi nusu saa.

Baada ya miezi sita daftari litaanza kusema. Litaonyesha njia ipi inakula minyororo, gia zipi zinaisha kwanza, na akiba ya minyororo mingapi inunuliwe kabla ya masika. Mweka hazina ataweza kuweka katika makisio ya mwaka fungu la matengenezo lenye hesabu nyuma yake, badala ya kuomba fedha kwa dharura kila kitu kinapokatika. Na mkaguzi wa hesabu atakapokuja ataona vifaa vimenunuliwa kwa sababu gani.

Daftari hilo ndilo linalomaliza ugomvi uliotajwa mwanzo. Kulika kwa mnyororo ni gharama ya kazi, kama kulika kwa tairi, na gharama ya kazi ni ya chama chote. Haifai kumkata posho mchukuzi kwa pini iliyolika kwa kupeleka maziwa ya wanachama. Lakini ikiwa kipimo kilionyesha milimita 307 na fundi hakuitwa, kosa ni la aliyepewa dhamana ya kumwita. Na ikiwa mnyororo ulikuwa na wiki tatu tu, ukasafishwa na kupimwa, kisha ukakatika kwa kuwa mtu alipandisha mizigo mara mbili ya kiwango kilichoruhusiwa, hapo mchukuzi ana neno la kujibu. Bodi haitaweza kutenganisha mambo haya matatu kwa kukumbuka tu. Yafaa kila chama kipitishe azimio katika mkutano mkuu likieleza nani anapima, nani anaagiza vifaa, na uzito wa juu wa mzigo ni kiasi gani, na azimio hilo libandikwe ukutani mahali baiskeli zinapolala.

Mnyororo mmoja ni kitu kidogo katika mali za chama. Hata hivyo ndani yake hupita nguvu yote inayofikisha maziwa ya mwanachama wa mbali kituoni kabla jua halijapanda, na mwanachama huyo hana njia nyingine ya kupata malipo yake ya mwezi. Kwa hiyo kila katibu ambaye chama chake kina baiskeli ya umeme atafute rula ya chuma wiki hii, azipime baiskeli zote mbele ya wachukuzi, na kuufungua ukurasa wa kwanza. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari.